Birika la Bahari Chini ya Duka

Irfan Abdulrasul alizaliwa Kilindoni, akakua Kilindoni, na mpaka anaota mvi alikuwa hajapata kuzamisha kichwa baharini. Sikio lake la kushoto lilitoboka utotoni kwa maradhi, likawa linatoa usaha kila likiguswa na maji. Daktari akamwambia mama yake, Bi Zenab, kwamba mtoto aoge kama watu lakini asipige mbizi maisha yake yote. Bi Zenab alilishika neno hilo kuliko daktari mwenyewe. Watoto wenziwe wakienda kuogelea, Irfan alibaki dukani akipima misumari.

Duka lenyewe ni la vifaa vya ujenzi, pale kwenye kona, lililofunguliwa na babu yake, Mzee Faizan. Hifadhi ya bahari ilipokuwa imeshazoeleka, wageni walianza kupita Kilindoni kwa wingi, wengine wakitoka Utende kuzamia, wengine wakija kutazama potwe, papa wale wakubwa wasiouma. Wakiingia dukani kutafuta betri au kamba, hawatoki bila kusimulia. Wameona samaki wa rangi hii, wameona mawe yanayofumba na kufumbua kama macho. Irfan anawapa chenji huku akiuliza: "Yakoje hasa?" Nilimsikia mara nyingi, maana gari langu la mizigo, kirikuu kile cha buluu, lilikuwa likishusha mchanga na kokoto pale karibu kila siku. Mtu wa Mafia anamuuliza Mzungu habari za bahari ya Mafia. Mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

Mwisho akaamua kwamba kwa kuwa yeye haendi baharini, bahari itakuja kwake.

Chini ya nyumba, nyuma ya duka, palikuwa na chumba kilichochimbwa na marehemu baba yake, Abdulrasul, aliyekuwa na hofu kubwa ya wezi na alitaka pa kufichia bidhaa. Alikufa kabla hajakipiga lipu. Watoto wa mtaa walikiita kaburi la Abdulrasul. Irfan akasema atakimaliza: sakafu, kuta, ngazi ya zege, viti vya kukalia, na ukutani kwa ndani birika kubwa lenye kioo mbele, limejaa maji ya bahari, mawe na samaki wake hai.

Habari haikulala. Barazani wakaanza.

"Bahari iko hapo chini ya mteremko, haina mlango wala kufuli, yeye anaijengea chumba!"

"Mwacheni, ataiuza rejareja. Nusu lita, robo lita."

Fundi aliyeitwa ni Muhidini, mtu wa mabirika. Ukiona birika la kutawadhia katika misikiti ya upande wetu, kuanzia hapa mjini mpaka Baleni, na lina niru, ule mpako wa mwisho wa saruji, laini kama shavu la mtoto, ujue ni mkono wake. Siku ya mapatano nilikuwepo, nikingoja kujua kokoto zitakazotakiwa ni safari ngapi.

"Hili ni birika tu," Muhidini alisema baada ya kuelezwa.

"La msikitini halina kioo."

"Na la kwako halitawadhiwi. Kila birika na lake."

Irfan akataja bei. Muhidini akacheka mpaka akakaa kwenye mifuko ya saruji. Kisha naye akataja yake, na Irfan akaita kuelekea ndani: "Mama! Njoo umsikilize fundi anayeuza kisiwa kizima pamoja na sisi wenyewe!" Bi Zenab akajibu bila kutoka kwamba kama anauza, aulizwe kama na kisiwa cha Juani kimo. Wakavutana hivyo hadi chai ikapoa, wakakutana pale pale nilipokuwa nimekadiria tangu mwanzo. Watu wawili wanaojua bei ya kitu huchelewa kukubaliana kwa heshima tu.

Kisha Muhidini akasema neno ambalo hakuna aliyelitilia maanani: "Na tundu la kutolea maji nitaliweka chini, kama kawaida. Birika lisilo na tundu ni ndoo."

Kawaida yake ni hii. Maji ya birika yakichoka hufunguliwa tundu, yakapita kwenye bomba hadi nje, yakaingia katika shimo lililojazwa mawe, yakazama ardhini. Msikitini shimo hilo huchimbwa karibu na kisima kwa makusudi, maji yakarudi yalikotoka, yakachujwa na mchanga, yakatekwa tena. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyofanya kazi yake yote, na hakuna msikiti uliolalamika. Basi kwa Irfan naye akachimba shimo la mawe uani, karibu na ukuta wa nyuma. Nje ya ukuta ule kuna kisima.

Nilikiona kisima. Irfan alikiona. Muhidini hata ngazi yake aliiegemeza hapo. Sote tulikuwa tunaona birika, na birika na kisima ni ndugu.

Kisima hicho ni wakfu. Mzee Faizan alikichimbisha kwa mali yake akakitoa kwa ajili ya Mungu, anayeteka asiulizwe ni nani wala asitozwe kitu. Sadaka ya namna hiyo haifi na mwenyewe. Maadamu yupo mtu anayekunywa, aliye kaburini anaandikiwa thawabu. Bi Zenab, mke wa mwanawe, alikuwa akilisema hili kama mtu anayesema habari za kodi ya nyumba, jambo la kulipwa kwa wakati. Kila mwaka katika hitima ya mkwewe aliagiza maji kutoka kisima kile kile, akapika sharbati ya maziwa na hiliki, majirani wote wakaja kunywa. Siku nyingine nyumba ile haikugusa kisima, kwa kuwa walikuwa na tangi la mvua juu ya paa. Kamba na ndoo za kisima zilikuwa mikononi mwa Bi Mwanahalima, jirani wa nyuma, kama zilivyokuwa mikononi mwa mama yake kabla yake. Yeye hufagia, hufunika, hugombeza watoto wanaotupa maembe ndani.

Birika likajengwa. Kioo kilikuja kwa boti kutoka bara, kimefungwa magodoro, tukakishusha kama maiti ya mtu mkubwa. Muhidini alilijaza na kulimwaga mara nyingi ili ukali wa saruji utoke. Matumbawe hai hayagusiki tangu hifadhi ianze, na Irfan si mtu wa kuvunja sheria kwa kitu kinachoonekana kupitia kioo. Alichukua mawe ya nchi kavu, yale ya matumbawe ya kale ambayo sote tumejengea nyumba, akayazamisha upande wa Kilindoni msimu mzima wa kusi. Yalipotolewa yalikuwa yameshaota: majani mekundu, sifongo, vidude laini kama vidole vya mtoto. Samaki alinunua kwa wavuvi wa madema, ile mitego ya kufumwa, wa upande huo huo, akiwalipa zaidi ya bei ya kitoweo ili wasiwakwaruze. Walikuwepo vitatange, pono wadogo, na mmoja mwenye mistari ambaye kila mvuvi alimpa jina lake.

Kisha mimi nikapata kazi ya kudumu. Kila wiki Irfan alifungua tundu, sehemu ya maji ikashuka, nami nikaleta mapipa ya maji mapya kutoka pwani. Nililipwa vizuri. Kwa muda ule sikuwa na malalamiko na bahari ya mtu yeyote.

Adhuhuri, duka likifungwa, Irfan alishuka chini akakaa mbele ya kioo, kanzu imekunjwa magotini, chakula kikipoa juu. Waliomcheka barazani walikuja mmoja mmoja kutazama, wakiondoka wanasema "si haba". Bi Zenab alishuka kwa fimbo yake, akasimama mbele ya birika. Kitatange mmoja akaja hadi kwenye kioo, akamtazama.

"Kumbe ndivyo kulivyo," akamwambia Irfan. "Na ndiko nilikokukataza." Akageuka kupanda ngazi.

Huko nyuma ya ukuta mambo yalikuwa yameanza.

Kwanza sabuni ilikataa kutoa povu. Kisha maharage yakawa yanachemka tangu asubuhi na hayaivi. Chai ikataka sukari zaidi, halafu sukari nayo ikashindwa. Wanawake waliokuwa wakiteka pale wakaanza kupungua, mmoja anapita na ndoo yake kimyakimya kwenda kisima cha ng'ambo ya barabara, ambako kuna foleni na maneno. Na hakuna aliyesema. Kwetu mtu akikupa maji ya sadaka hukosoi ladha. Na mpaji akiwa ni marehemu, ndiyo kabisa. Utamlalamikia nani, kaburi? Kwa hiyo adabu ikafunga midomo ya mtaa mzima, na chumvi ikaendelea kuingia wiki baada ya wiki.

Ikafika hitima.

Ua ulijaa. Dua ikasomwa, sinia zikapita, na Bi Zenab akawa amekaa kwenye kiti chake cha kamba akisimamia bilauri zijazwe. Sharbati ilikuwa nyeupe, nzuri kwa macho, hiliki ikinukia. Nikanywa. Nimezoea kuonja vitu kabla ya kununua, najua uso wangu usivyotakiwa kusema kitu. Nikameza. Nikatazama wengine. Kila mtu alikuwa anameza, anafuta mdomo, anasema "Alhamdulillahi, Mungu amrehemu," na anaweka bilauri chini taratibu ikiwa bado na zaidi ya nusu. Muhidini alimaliza yake yote kwa mkupuo mmoja, kama dawa.

Bi Zenab huwa anakunywa wa mwisho. Akaonja. Akaonja tena.

"Nani ametia chumvi humu?"

Watu wakatazama bilauri zao.

"Nauliza nani ametia chumvi! Jikoni mmechanganya mikebe?"

Msichana wa jikoni akaapa kwamba hakuna. Bi Zenab akamgeukia Mwanahalima, waliyekua naye pamoja. "Shoga, umekunywa?"

"Nimekunywa, dada."

"Ikoje?"

"Tumeshukuru."

"Sikukuuliza kama umeshukuru!"

Mwanahalima akatazama mikono yake. "Si sharbati, Zenab. Ni maji. Muda mrefu sasa."

"Na wewe umenyamaza?"

"Ningesema nini? Nije mlangoni kwenu niseme maji ya mzee wenu yameharibika? Niliona haya. Nikasema labda ni kiangazi, mvua itakuja."

Irfan alikuwa amesimama na bilauri ya mgeni mkononi. Akainywa yote, ile iliyobakizwa na mtu mwingine, kisha akatazama ukuta wa nyuma, kisha shimo la mawe chini yake. Sikuhitaji kuambiwa alichokuwa anakipigia hesabu. Nilikuwa nimeshamaliza hesabu hiyo kabla yake.

Wageni walipoondoka walibaki watu wachache uani, na Bi Zenab hakusogea kitini.

"Inaweza kuwa kiangazi kweli," Irfan alianza. "Na nyumba za wageni zimechimba visima virefu huko juu, zinavuta maji matamu, bahari inaingia."

"Kisima cha ng'ambo ya barabara kitamu," nikasema.

"Dada Biubwa, wewe upo upande gani?" Irfan akaniuliza.

"Upande wa mapipa. Nikisema kweli ninapoteza kazi, kwa hiyo nisikilize."

Muhidini hakukubali upesi. Alikwenda akachungulia shimo lake, akarudi. "Nimejenga mabirika maisha yangu yote. Shimo ni lile lile, bomba ni lile lile."

"Maji ni yale yale?" Bi Zenab akauliza.

Muhidini akaligeukia tena shimo. Akavua kofia, akaipangusa, akaivaa tena. Hapo nilimhurumia kidogo, kwa kuwa kazi yake ilikuwa safi kabisa. Angeifanya vibaya, maji yasingefika kisimani vizuri namna ile.

"Lizibe tundu," Irfan akasema. "Leo. Maji ya kutoka tutayapandisha kwa ndoo, Biubwa atayarudisha baharini. Samaki wanabaki, kisima kinapona. Shauri limekwisha."

Mama yake akamtazama. "Babu yako yuko kaburini anasubiri watu wanywe, nawe unaniambia shauri limekwisha?"

"Mama, nimekaa miaka yote…"

"Najua umekaa. Mimi ndiye niliyekukalisha."

Tundu likazibwa. Nikawa nabeba maji kwenda na kurudi, na nilipandisha bei kwa sababu njia ni mbili. Irfan hakubishana nayo, na hapo nikajua hali ni mbaya. Mfanyabiashara asiyebishana bei ni mgonjwa. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka alipita nyuma kwa Mwanahalima, shikamoo, marahaba mwanangu, akateka mwenyewe, akaonja. Chumvi haikupungua. Siku nyingine aliona imepungua, akaja kuniambia, nikaonja na mimi: chumvi tupu. Mtu akitaka kitu sana, ulimi wake haufai kuwa shahidi.

Ikabidi Muhidini ashuke tena chini. Akang'oa vigae vya sakafu mbele ya birika, akachimba kidogo, akapaka kidole udongo, akalamba. Akabaki amechuchumaa.

"Linatoka jasho," akasema.

"Limepasuka?" Irfan akauliza.

"Halijapasuka. Birika lolote hutoka jasho, Bwana Irfan. Hata la msikitini. Hakuna anayejali, jasho lake tamu." Akajifuta mikono. "Naweza kulipiga lipu upya, kwa dawa ya kuzuia maji. Litapungua jasho. Kukauka kabisa, siwezi kula kiapo."

"Hata kwa bei yoyote?"

"Hata kwa bei yoyote. Na mimi si mtu wa kuikimbia bei."

Irfan akakaa kwenye kile kiti chake. Samaki mwenye mistari alikuwa anaingia na kutoka kwenye tundu la jiwe. Nilikuwa nimesimama ngazini na mapipa yangu, nikingoja kujua kama nipakue au nirudi nayo. Alikaa pale mpaka Muhidini akaanza kukusanya vifaa vyake kwa sauti, kama watu wanavyofanya wakitaka kuruhusiwa kuondoka.

"Yamwage pwani hayo, dada Biubwa," Irfan akasema. "Halafu urudi na mapipa matupu."

Tuliwabeba samaki kwenye yale mapipa. Mawe tuliyarudisha pale pale yalipooteshwa. Irfan aliingia majini na kanzu yake hadi kiunoni, akishika pipa kwa mikono miwili, shingo ameikaza ili sikio lisilowe. Akaliinamisha. Wale samaki walitoka mara moja, hawakuzunguka, hawakusita. Maji yalikuwa yamevurugika kwa mchanga tulioukanyaga. Hakuona walikwenda wapi. Akaniuliza kama nimeona. Nikamwambia sikuona.

Hapo ungefikiri kisima kilipona. Chumvi si mgeni wa kuagwa. Tuliteka na kumwaga, tukateka na kumwaga, kamba zikakatika, na maji mapya yakaja yale yale. Ndipo Irfan alipofanya jambo ambalo mimi ningelifanya mapema zaidi. Alimwita Muhidini akamwambia azibue tundu la birika, lile lile. Kisha akageuza mifereji ya paa la duka na la nyumba, yote mawili, na la ghala la jirani kwa makubaliano, mvua iingie birikani, ishuke shimoni, ikaisukume chumvi itoke kule ilikoingilia.

"Sasa umejenga birika," Muhidini akamwambia.

"Nyamaza, fundi."

Masika ile ikanyesha vizuri. Ile iliyofuata ilinyesha ovyo. Chumba cha chini kimemalizika, kina ngazi, kina viti, na nyuma ya kioo kuna maji ya mvua yasiyo na kitu, na vumbi la paa limetulia chini. Wageni bado wanaingia dukani kutafuta betri na kuanza kusimulia. Irfan anawapa chenji. Swali lile haulizi tena.

Hitima imepita mara mbili bila sharbati. Majirani walikuja, wakasoma, wakala tende, wakatoka na midomo mikavu. Mtu mmoja alishauri wachukue maji ya ng'ambo ya barabara kwa muda, Bi Zenab akamwambia kwamba mzee hakuchimba ng'ambo ya barabara. Amezeeka sana sasa, hasimami bila kushikwa, na anachouliza kila siku anapoletewa uji ni kimoja: maji ya kisima yamerudi kuwa matamu?

Kwa hiyo kila Ijumaa Mwanahalima huja dukani na kikombe cha maji kilichofunikwa kwa kisahani. Irfan alimwomba hilo mwenyewe, akisema ulimi wake hauamini. Alimwomba pia jambo gumu zaidi, kwamba aache adabu. Mara za kwanza bibi alishindwa, akawa anasema "Mungu ni mwema", na Irfan anamwambia: "Bi Mwanahalima, sikukuuliza habari za Mungu." Sasa amezoea. Ijumaa iliyopita nilikuwepo, ninadai malipo ya mchanga. Aliingia, akapokea shikamoo yake, akafunua kikombe mbele ya wateja, akanywa polepole, akakizungusha kinywani kama mtu anayetafuta mfupa. Wateja wakageuka kumtazama. Hata ndani, fimbo ya Bi Zenab iliacha kugonga sakafu.

"Ikoje?" Irfan akauliza.

"Bado," Mwanahalima akasema, akaweka kikombe juu ya meza.